Quad (drone ya propela nne) imeanza kuchora miduara yenyewe ndani ya Loiter (modi ya kusimama mahali kwa GPS): wakongwe, mngebadili kwenda modi gani?

#1 Mwewe wa Dunda
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wale walioshatoka kwenye kujifunza kupaa na kutua. Nataka tubishane kuhusu modi, siyo bei.

Mashine ni ya kujijengea: fremu ya inchi 7, FC (kompyuta ya kurushia) inaendesha ArduCopter, programu ya familia ya ArduPilot, betri ya li-ion 6S (seli sita) ya 4000 mAh, GPS yenye dira ndani yake iko nyuma kwenye kamlingoti kafupi juu ya betri. Jana jioni nilikuwa ufukweni Bagamoyo, narekodi ngalawa za wavuvi zikitoka. Kusi inavuma lakini si ya kutisha. Niliirushia juu ya bodi la pikapu kwa sababu sitaki mchanga uingie kwenye mota. Ikapanda mita 40, nikaweka Loiter, nikaachia stiki ili niwashe kamera.

Mwanzo ilitulia tuli. Halafu ikaanza kuzunguka polepole, duara la mita 2 hivi, pua haigeuki, ni mwili mzima unahama. Duara likakua. Nikapiga RTL, modi ya kurudi nyumbani, nikijua itarudi. Badala ya kuja kwangu ikalala upande, ikachapa kuelekea baharini. Rimoti ikaanza kulia kuhusu EKF (hesabu inayounganisha sensa zote), modi ikajibadili yenyewe kuwa Land, yaani kutua. Hapo ndo nikaitia Stabilize na kuivuta kwa mkono mpaka mchanga mkavu. Hasara ni propela moja tu.

Nauliza mawili. Kilichotokea ni nini? Na wewe ungekuwa umeshika rimoti, ile sekunde ya kwanza unaona duara linakua, kidole kinakwenda modi gani?

#2 Kandambili
Hii ndo ile ya kurekodia harusi? Bei gani mkuu?

#3 Kipanga Mweusi
#2 umesoma sentensi ya tatu kweli?

Mwewe, jibu langu ni fupi: akro, yaani kurusha kwa mkono bila mashine kujinyoosha. Kila mwenye quad ya maana awe na swichi moja ambayo popote ilipo, kwa hali yoyote, inamrudisha kwenye akro. Hizi Loiter, PosHold, RTL zote zinasimama juu ya vitu vinavyoweza kudanganya. Akro haitumii sensa yoyote, ni wewe na mota.

#4 fundi_solda
Kipanga, hapo kwenye "sensa yoyote" umepitiliza. Akro bila jairo haipo. Ukisukuma stiki unaagiza kasi ya kuzunguka, digrii kadhaa kwa sekunde, na jairo ndiyo inayopima kama agizo limetimia. Ukiachia stiki inabaki ilivyo, hata kama imelala digrii 60. Kinachokosekana kwenye akro ni akselerometa, dira, barometa na GPS.

Stabilize inaongeza akselerometa, ndiyo maana ukiachia stiki inajinyoosha. AltHold, ya kushika urefu, inaongeza barometa. Loiter na RTL zinaongeza GPS na dira, na zote hizo zinapikwa pamoja ndani ya EKF. Kila ukipanda ngazi unapata starehe na unaongeza mtu mmoja wa kukusaliti.

Kwa dalili ulizotaja, mimi naona dira. Huo mchezo wana jina lake huko duniani, wanauita duara la choo, maji yanavyozunguka yakivutwa.

#5 Mzee wa Nondo
Naunga mkono dira, na mkosaji namjua: PIKAPU. Umewasha mashine juu ya bati na chasisi ya chuma. Dira imejifunza kaskazini ya pikapu, siyo kaskazini ya dunia. Mimi hapa Sinza nilikuwa narushia kwenye paa la zege la ghorofa, nondo tupu chini, kila siku mashine inaondoka kama imelewa. Nilipoanza kurushia juu ya stuli ya plastiki ikaacha.

#6 Bint Forodhani
Assalaam aleikum. Jamani msiikimbilie dira tu. Mwewe, ilikuwa saa ngapi hasa? Na ni mwezi huu huu wa tisa?

#7 Mwewe wa Dunda
Bint, ilikuwa saa 12 na dakika 50 jioni hivi, jua limeshazama. Ndiyo, mwezi huu.

Mzee wa Nondo, nakusikia, lakini ingekuwa pikapu mbona kwanza ilitulia? Imekaa mita 40 juu, chuma kiko mbali.

#8 Tai wa Ngong
Niaje wasee. Hapa Nairobi tunafuata.

Swali: ulisema uliachia stiki ili uwashe kamera. Kwa hiyo miduara ilianza kabla ya kurekodi au baada? Kuna kamera zikianza kurekodi zinapiga kelele ya redio kwenye masafa ya GPS, hapo 1575 MHz. Nilikuwa na moja, nikiiweka karibu na antena ya GPS naona setilaiti zinapungua kwa macho. Nikaifunika kwa karatasi ya shaba, nikaongeza urefu wa mlingoti, ikapoa.

#9 Mwewe wa Dunda
Tai, baada. Sekunde kadhaa baada. Daah, hiyo sikuiwaza. Nikifika nyumbani nafungua logi.

#10 Ngalawa77
Mimi nadhani shida ni kwamba tuko karibu na ikweta. Dira haifanyi kazi vizuri ikweta, sumaku ya dunia ni dhaifu huku. Drone zimetengenezewa nchi za kaskazini.

#11 Bint Forodhani
Sivyo hivyo, kaka yangu. Umeanza vizuri ukamalizia kinyume. Nguvu ya jumla ya sumaku huku kwetu ni ndogo kweli kuliko Ulaya, lakini dira inahitaji ile sehemu inayolala chini, inayoelekea kaskazini. Karibu na ikweta ya sumaku karibu yote imelala. Ukienda kaskazini mwa Kanada inachimba ardhini karibu wima, na huko ndiko dira inakohangaika. Hapa kwetu inaelekea juu kwa kiasi, kwa sababu ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, siyo Kenya kama ya ramani.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kiasi cha digrii 15 kila upande wa hiyo ikweta ya sumaku, tabaka la ionosfia (chembe za umeme juu angani) hurundikana baada ya mchana, na sisi wa Dar na Unguja tumeangukia humo humo. Jua likizama linapasuka viputo, ishara ya GPS inameta kama nyota. Miezi mibaya ni ya usawa wa usiku na mchana, wa tatu na wa tisa. Mimi nafanya upimaji kwa RTK (GPS ya usahihi wa sentimita), na ikishafika saa 1 usiku mwezi huu nakunja vifaa, nafasi inaruka ruka mpaka unachoka. Na jua lenyewe limetoka kileleni mwa mzunguko wake juzi juzi tu, 2024.

#12 fundi_solda
Bint, darasa safi. Ila nabisha kidogo. GPS ikiruka, quad inaifukuza ile nafasi ya uongo: inaruka kushoto, inarudi, inaruka mbele. Haichori duara linalokua kwa utaratibu. Duara linatoka kwenye kosa la pembe.

Niieleze kwa wasiojua. Kompyuta inaona upepo umenisogeza mita 1 kusini, natakiwa kwenda kaskazini. Inainama kwenda kaskazini. Lakini kaskazini yake imekosewa digrii 50, kwa hiyo inakwenda kaskazini-mashariki. GPS inasema umekosea, sasa rudi magharibi. Inainama tena, pembe ile ile ya uongo. Hivyo hivyo mpaka mduara. Kosa likivuka digrii 90, kila sahihisho linaipeleka mbali zaidi, na hapo hakuna duara tena, inatoroka tu. Soma #1 upya: duara, likakua, halafu ikachapa. Pembe ilikuwa inaongezeka huku ikiruka.

Kwa hiyo si pikapu pia, Mzee. Kosa la pikapu lingeanza kubwa na kupungua ikipanda.

#13 Mzee wa Nondo
Sasa wewe unasema ni dira lakini si pikapu. Dira iliharibiwa na nani, majini wa Bagamoyo?

#14 Kandambili
Majini wa Bagamoyo wanajulikana mkuu usicheze 😂

#15 fundi_solda
Na waya. Mlingoti "kafupi juu ya betri", kaandika mwenyewe. Waya za betri zikipitisha ampea 20 au 30 zinatengeneza sumaku yake. Chini ardhini mota zimelala, dira inasoma sawa. Juu upepo unaongezeka, throto (nguvu ya mota) inapanda, waya zinavuta zaidi, dira inapinda. Kuna kipimo cha compassmot ndani ya ArduPilot, unafunga mashine chini na kupandisha throto, kinakwambia asilimia ya uchafuzi. Chini ya 30 unaishi nayo. Juu ya 60 ni bora uhamishe dira.

#16 Kipanga Mweusi
Yote sawa, ila mmelikimbia swali la pili. Ungefanya nini kwenye sekunde ile? Mimi nakomaa na akro.

#17 Tai wa Ngong
Kipanga, wewe unavaa miwani ya FPV, unaona kupitia kamera, sawa. Mwewe alikuwa anaangalia kwa macho, quad iko juu ya maji, giza linaingia. Akro kwa macho kwenye giza ni kujitupia baharini kwa hiari.

#18 Kipanga Mweusi
Basi Stabilize.

#19 Mwewe wa Dunda
Nilivaa miwani mwanzoni, nikaivua ili nione kamera. Kwa hiyo Tai yuko sahihi.

Na kuhusu Stabilize: mimi nilipoitia haikudondoka kwa sababu stiki ilikuwa katikati. Ingekuwa nilikuwa naishusha ndani ya Loiter, stiki iko chini kabisa, halafu niswichi... mashine inadondoka kama jiwe.

#20 Bint Forodhani
Ndiyo maana mimi ni AltHold. Inashika urefu kwa barometa, inajinyoosha kwa akselerometa, haina haja ya dira wala setilaiti. Stiki ya throto ikiwa katikati inabaki hapo hapo ilipo. Upepo utaisukuma, lakini unayo sekunde za kuivuta.

Na nendeni kwenye mpangilio wa kinga ya EKF. Kizingiti chake cha kawaida ni 0.8, na kitendo chake cha kawaida ni Land. Mtu anayerusha juu ya maji akiacha Land ameshajihukumu. Kibadilisheni kiwe AltHold. Mwewe, hiyo Land yako ingekuogesha.

#21 Ngalawa77
AltHold na kusi hiyo ingepelekwa mpaka Unguja 😂

#22 Bint Forodhani
Ngalawa na jina lako hilo hujui kusi inaelekea wapi? Inatoka kusini mashariki. Ingepelekwa bara, pande za Saadani, ikawapigie picha simba.

#23 fundi_solda
Ngoja, hilo la upepo ni la maana kuliko mnavyolicheka. Kusi inasukuma kuja bara, quad ikachapa kwenda baharini. Ina maana ilikuwa inasafiri dhidi ya upepo, kwa nguvu za mota. Haikupeperushwa. Nani tena aliyekuwa anafikiria upepo? Upepo ungezidi uwezo wa Loiter ungeiona inarudi nyuma taratibu huku imeinama, siyo hivi.

#24 Papa Shilingi
Mimi mkongwe wa Phantom za DJI. Siku zile Phantom 4 ilikuwa na swichi ya P (ya GPS), S (ya kasi) na A. Ile A ndiyo ATTI: urefu inashika, mahali haishiki. Kila Jumamosi nilikuwa nairusha kwenye A peke yake uwanja wa mpira, kwa kukusudia, ili siku GPS ikiondoka mikono isishangae. Siku hizi hizi ndogo za kukunja hazikupi A kwenye swichi. Inaingia yenyewe ikikosa GPS na kamera za chini, na wewe ambaye hujawahi kuiona unaanza kupiga kelele.

Na S msiichukulie kama kasi tu. Phantom 4 kwenye S ilifika kilomita 72 kwa saa, sensa za vizuizi zimezimwa, na breki inachukua mita nyingi mno. Nimeona watu wazoefu wakipiga ukuta kwa sababu waliachia stiki umbali ule ule wa P.

#25 Kipanga Mweusi
Papa, nakubali mazoezi ya A. Kwenye DJI FPV ya 2021 walifanya kitu kizuri: modi ya M ni akro kamili, hadi kilomita 140 kwa saa, lakini kuna kitufe, ukikibonya hata ukiwa umepinduka inajinyoosha na kusimama. Ila ukifungua M kwa mara ya kwanza imefungwa isipinduke, mpaka uingie kwenye mipangilio uondoe ukomo wa pembe. Wengi wanadhani wanarusha akro kumbe bado wamefungwa kamba.

#26 Tai wa Ngong
Kile kitufe nacho kinategemea ujue uko wapi, Kipanga. Ukikibonya mita 3 juu ya mti, unasimama ndani ya mti.

Mimi niongeze kwa watu wa Betaflight, programu nyingine ya kurushia, maana wengine hapa hatuna ArduPilot. GPS Rescue, yaani kurudi nyumbani kwa Betaflight, si RTL. Wengi wetu tunaiendesha bila dira kabisa, kwa hiyo inajua pua imeelekea wapi kwa kuangalia ilikosafiri. Ukiruka na upepo mkali ukawa unasukumwa kinyumenyume, inadhani kinyumenyume ndiyo mbele. Ukiiwasha hapo inageuka upande wa uongo kwanza. Mimi kabla sijaiamini huwa naruka mbele kwa nguvu mita 100 ndani ya Angle (modi inayojinyoosha), naangalia mshale wa nyumbani kwenye miwani kama unaonyesha nilipo kweli. Ukionyesha pengine, narudi kwa mkono.

#27 Kandambili
Kwa hiyo mnasema dira ni mbaya na bila dira pia ni mbaya. Asanteni kwa msaada 🙏

#28 Mwewe wa Dunda
Nimefungua logi. Kaeni vizuri.

Setilaiti: 17 kabla ya kurekodi. Baada ya kuwasha kamera zinashuka hadi 11, HDOP (kipimo cha mpangilio wa setilaiti, ndogo ndiyo nzuri) kutoka 0.7 hadi 1.3.

Sumaku: hapa Pwani inayotegemewa ni kama 330 mG (miligausi). Juu ya bodi la pikapu inasoma 460. Hewani inacheza kati ya 350 na 390, na ukilinganisha na throto inapanda nayo, ila si kila mara.

Ule ujumbe wa EKF kwamba ardhini palikuwa na sumaku ya ajabu na mwelekeo umepangwa upya: upo, sekunde chache baada ya kupaa.

Mtetemo: mhimili wa Z (juu na chini) una vilele virefu kuliko nilivyozoea. Propela iliyovunjika sijui ilikuwa na ufa kabla au imevunjikia mchangani.

#29 Mzee wa Nondo
460! Nilisema nini? PIKAPU.

#30 fundi_solda
Mzee shusha ngoma kidogo. Ujumbe wa kupangwa upya maana yake EKF iligundua uchafu wa ardhini ikasahihisha ilipofika hewani. Pikapu imejitetea. Angalia 350 hadi 390 zinavyofuata throto. WAYA.

#31 Mzee wa Nondo
Imesahihisha kwa kutumia nini? Kwa dira ile ile unayosema inapindwa na waya! Kwa hiyo imetoka kwenye kosa la pikapu ikaingia kwenye kosa lako. Na kwa nini ukaguzi wa kabla ya kuruka haukuikataa 460?

#32 fundi_solda
Kwa sababu ule ukaguzi wa zamani ulikuwa mpana mno, kuanzia 185 hadi 875. Ungeweza kurushia juu ya jiko la chuma ukapita. Mwewe, una toleo gani? Na hiyo hoja ya kusahihisha kwa dira chafu... sawa, hiyo nakupa nusu.

#33 Tai wa Ngong
17 hadi 11 wasee! Na imeanza wakati wa kamera. Mnaona lakini mnaendelea na waya.

#34 Bint Forodhani
Tai, setilaiti 11 na HDOP 1.3 bado ni nzuri kabisa, quad nyingi zinaishi humo. Na saa ile ile ndiyo ionosfia inaamka, kwa hiyo kushuka kwa setilaiti hakuwezi kukuambia ni kamera au ni anga. Kuna njia rahisi: iweke chini kwenye kiti cha plastiki saa 4 asubuhi, washa kamera, zima kamera, tazama namba. Halafu urudie saa 1 na nusu usiku.

#35 fundi_solda
Bint, saa 12 na dakika 50 bado ni mapema kwa viputo vyako. Huanza kama saa moja baada ya jua kuzama.

#36 Bint Forodhani
Huanza. Haina saa ya ukutani. Lakini nakubali iko mpakani.

#37 Kipanga Mweusi
Hakuna aliyegusa mtetemo. Akselerometa ikichafuka EKF inapata kasi ya uongo, na kwa kesi hiyo AltHold ya Bint ndiyo ingekuwa kaburi. Nimeona kwa macho yangu quad ya jamaa: propela imepasuka kidogo, mtetemo umepanda, kaiweka AltHold, ikapaa juu kama roketi kwa sababu ilidhani inashuka. Stiki chini kabisa na bado inapanda. Aliishusha kwa Stabilize.

Kwa hiyo narudi palepale. Modi ya chini kabisa unayoimudu ndiyo modi ya kuokolea.

#38 Bint Forodhani
"Unayoimudu" ndilo neno. Kwa macho, juu ya maji, jioni, wangapi wanaimudu?

#39 Ngalawa77
Kwani si kuna Simple na Super Simple? Hizo hujali pua iko wapi, ukivuta stiki inakuja kwako. Kwa giza hilo ingemsaidia.

#40 fundi_solda
Simple inakumbuka pua ilielekea wapi ulipowasha mota, halafu inatafsiri stiki zako kwa kutumia mwelekeo wa sasa. Mwelekeo unatoka EKF. Super Simple inaongeza GPS ijue nyumbani ni wapi. Kwa kesi hii zote mbili zingekwambia vuta huku na yenyewe inakwenda kule.

#41 Dada wa Mbarali
Habari zenu. Mimi si wa FPV, nanyunyizia mpunga. Kwenye mashine yetu ya ArduPilot tunatumia ZigZag, unaweka alama A na B pembeni mwa jaruba, halafu inakwenda na kurudi yenyewe na wewe unaihamisha mstari kwa mstari. Miduara kama hiyo tuliwahi kuiona, ila kwetu ilikuwa inatokea tanki likiwa limejaa tu. Tanki likipungua inatulia. Hatukujua sababu, tukahamishia GPS juu zaidi, ikapungua, haikuisha.

#42 fundi_solda
Tanki limejaa = ampea nyingi. Asante dada, umenimalizia hoja 😁

#43 Kipanga Mweusi
Au tanki limejaa = maji yanapiga mawimbi ndani na mtetemo unabadilika. Usijipe ushindi.

#44 Dada wa Mbarali
Hiyo nayo inawezekana kwa kweli. Tanki letu halikuwa na vizuizi ndani.

#45 Papa Shilingi
Nani alisema juzi kwenye uzi mwingine kwamba Zanzibar yote ilichorwa ramani kwa quad? Nimeikumbuka kwa sababu ya upepo.

#46 Bint Forodhani
Siyo quad. Ule mradi wa ramani ulioanza 2016 ulitumia eBee, ndege ndogo za bawa, Unguja na Pemba. Quad kwa eneo lile ungebadilisha betri mpaka uzeeke.

#47 Tai wa Ngong
Tukiwa kwenye betri: Mwewe hiyo 6S ya 4000 ni Wh (wati-saa) ngapi? Nataka kuja huko na ndege, na kikomo cha kawaida ni 100 kwa kila betri, unabeba mkononi.

#48 Mwewe wa Dunda
Volti 21.6 mara Ah 4 ni 86.4. Unapita. Funika ncha kwa tepu. Ila kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) anza nacho mapema kabla hujakata tiketi, na ukifika usije ukarusha jioni kama mimi.

#49 Kandambili
Kumbe na kibali kinatakiwa? Mimi nilitaka kununua ya kutisha kunguru.

#50 Papa Shilingi
Kunguru wa Dar wataipiga wao.

#51 Mzee wa Nondo
Mwewe, RTL yako umeiweka urefu gani? Ya kawaida ni mita 15. Minazi ya Bagamoyo inapita 20. Ingerudi kweli ingekwama kwenye madafu.

#52 fundi_solda
Mzee, hiyo 15 ni kiwango cha chini cha kurudia. Ukiwa juu zaidi inarudi kwa urefu ulio nao. Yeye alikuwa 40. Ila ungekuwa mita 8 nyuma ya mnazi, hapo sawa, ingepanda hadi 15 tu na kuingia kwenye makuti. Kwa sehemu za minazi mimi naweka SmartRTL, inarudi kwa njia ile ile uliyopitia. Ingawa kwa dira mbovu hata hiyo haimsaidii mtu.

#53 Mwewe wa Dunda
Leo asubuhi nimefanya mambo mawili kabla ya kazi. Kipimo cha Bint: saa 4, kiti cha plastiki, kamera ikiwaka setilaiti zinashuka kutoka 19 hadi 16. Kwa hiyo Tai ana haki yake kidogo, lakini siyo ile 17 hadi 11.

Compassmot: asilimia 41.

#54 fundi_solda
41! Kati ya 30 na 60, eneo la kijivu. Aaah. Nilitaka 70.

#55 Mzee wa Nondo
Hujapima juu ya pikapu.

#56 Tai wa Ngong
Hujapima usiku.

#57 Kipanga Mweusi
Hujabadili propela zote nne ukalinganisha mtetemo. Na ukienda kujaribu tena, anza na AltHold, kisha Loiter kwa urefu wa mita 10 juu ya nyasi, kidole kiko juu ya Stabilize, stiki ya throto katikati. Usiiguse RTL mpaka Loiter isimame dakika nzima na mota zikiwa na mzigo. RTL inatumia dira ile ile, ilikuwa ni kuongeza mafuta kwenye moto.

#58 Bint Forodhani
Leo nakubaliana na Kipanga, andikeni tarehe.

#59 Mwewe wa Dunda
Nimeagiza mlingoti wa sentimita 12 na dira ya pili ya nje. Waya za betri nimezisokota pamoja. Usiku nitapima setilaiti uani. Pikapu ni ya shemeji, amekataa kunipa tena, kwa hiyo Mzee kipimo chako kitasubiri.

#60 Mzee wa Nondo
Njoo, kuna pikapu yangu. Ila unaleta madafu.